Ua la Bi Somoe na Maganda ya Korosho

Ninyi mnaoanza kazi hii, najua mnacheka. Mtu wa miaka ishirini na saba anasema anastaafu! Mama yangu naye alicheka hadi akashika ukuta. "Kustaafu, Zainabu? Una mvi wewe?" Sina mvi. Lakini kwa miaka tisa nimeingia kwenye nyumba za watu wa Nachingwea na Ruangwa kutunza okidi zao, na mwezi ujao naenda kwenye kitalu cha mikorosho kujifunza kubebesha, yaani kuunga kijiti cha mkorosho mzuri kwenye mche mchanga. Nawaachia ninyi vyombo, nyembe, kamba na wateja.

Ilitakiwa niwakusanye niwaeleze kwa mdomo. Siwezi. Watu watatu wakinitazama kwa pamoja, maneno yananikimbia. Kwa hiyo naandika. Niliishia darasa la saba, naandika polepole, na kila baada ya mistari michache nainuka kwenda kutazama kitu ambacho hakina haja ya kutazamwa. Hata sasa nimetoka kutazama kama ndoo imejaa. Ilikuwa imejaa tangu asubuhi.

Okidi zetu mnazijua. Watu wengi wa huku husema tu ua la juu ya mti. Fimbo zake zimenona kama miwa midogo, maua ya manjano yenye madoa ya kahawia, mizizi myeupe inayosimama kama sindano. Mtu akifungua shamba jipya anaangusha mtondoo au mninga, na ua linaanguka pamoja na tawi. Zamani lilichomwa na matawi. Sisi tunaokota hayo ya kwenye miti iliyokwisha kuangushwa. Msipande mti uliosimama kwenda kung'oa ua. Nikisikia mmefanya hivyo nitarudi kutoka huko niliko, na safari hiyo nitaongea.

Mtu wa mbali anaweza kuuliza kwa nini kwetu ua linahitaji chombo kinachojinywesha chenyewe. Si umwagilie tu? Mtu huyo hajaona msimu wa korosho. Korosho zikianza kudondoka, watu wanahamia shambani. Baba, mama, bibi, kuku, sufuria, vyote. Wanalala kwenye vibanda hadi korosho ziishe, na nyumba ya mjini inabaki na kufuli. Ni wakati huohuo jua linawaka kuliko miezi yote na mvua bado. Ua linabaki peke yake ndani ya nyumba, wiki baada ya wiki. Mwaka wangu wa kwanza nilirudi mjini baada ya msimu nikakuta okidi sita zimekauka kama kuni. Hapo ndipo nilipoanza kuhangaika na vyombo.

Chombo cha kwanza kila mtu anakijua. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, unaikata katikati, sehemu ya juu unaigeuza mdomo chini na kuiingiza kwenye sehemu ya chini. Juu unaweka mkaa uliovunjwavunjwa na makumbi ya nazi, chini unaweka maji. Utambi unapita mdomoni mwa chupa na kupandisha maji kidogo kidogo. Rahisi. Mimi niliharibu hata hiyo.

Nilichana jezi ya kaka yangu. Nilijua ataniua, ila nilijiambia jezi ni ngumu, haitaoza majini. Nikatengeneza vyombo kumi, vikapendeza, buluu ya jezi ikionekana majini chini. Baada ya siku nne juu kukavu kabisa. Chini maji yaleyale. Kaka alikuja akaangalia, akachomoa utambi, akaukamua.

"Hii jezi imetengenezwa ili jasho lisikae," akasema. "Wewe unataka ikae na maji. Na tena ilikuwa namba saba."

Utambi uwe wa pamba. Fulana ya ndani iliyochakaa, kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa hadi kikawa laini. Kabla ya kuuweka, ulowanishe kwanza, kisha uning'inize ncha moja kwenye kikombe cha maji. Ncha ya pili isipodondosha tone mpaka umalize kufagia uwanja, tafuta kitambaa kingine.

Maji ya chini yasiguse mizizi. Kati ya maji na mizizi kuwe na nafasi ya vidole viwili vya hewa. Mizizi hiyo ilizoea kushika gome la mti, upepo unapita. Ukiizamisha inakufa kwa kukosa pumzi, halafu mwenye ua anaona majani yamelegea, anadhani ni kiu, anaongeza maji. Nimeona nyumba moja Ruangwa mama mwenye nyumba anamwagilia, mume anamwagilia, msichana wa kazi anamwagilia, na kila mmoja anamficha mwenzake. Ua lilipendwa hadi likaoza.

Na maji ya kisima chetu yana chumvi. Ukimwagilia kwa mkono, chumvi inapita na kutoka. Kwenye chombo kinachojinywesha maji yanapanda, yanakauka juu, chumvi inabaki. Mkiona ukoko mweupe juu ya mkaa, msisubiri. Toeni utambi, mwageni maji mengi ya mvua kutoka juu hadi yatoke masafi chini. Wekeni madumu ya maji ya mvua tangu Machi, muandike juu yake kwamba si ya kufulia, ingawa watayafulia tu.

Jambo jingine. Kuanzia Juni hadi Agosti, okidi zetu zinataka kiu kidogo. Ndivyo zilivyoishi porini. Toeni utambi kabisa, nyunyizeni kidogo asubuhi mara moja kwa wiki, basi. Miezi hiyo mtawashwa mikono. Mimi hadi leo natembea na kitambaa mfukoni ili nikitamani kumwagilia nifute majani badala yake. Huo pia ndio wakati watu wanapopulizia mikorosho salfa, dawa ya ukungu. Unga ule unasafiri hadi mjini. Ingizeni maua ndani siku za upepo. Mteja mmoja alinipigia simu akilia kwamba ua lake limepata ukoma. Nilipofika nikalifuta kwa kitambaa chenye maji, likapona palepale, na alinipa kuku mzima. Sikumwambia ni salfa hadi mwaka uliofuata.

Sasa hivi hatutumii sana chupa. Tunatumia mtungi, ule wa udongo wa maji ya kunywa. Unajaza maji ndani, unafunika, na okidi unaifunga kwa nje, ubavuni. Mtungi unatoka jasho, mizizi inajishikiza kwenye jasho. Hakuna utambi, hakuna kuoza, hewa tele. Mtungi mkubwa uliojazwa vizuri unafika wiki mbili na zaidi kidogo, kisha lazima mtu aujaze. Msiwadanganye wateja. Hakuna chombo kinachojinywesha milele. Kinachofanya ni kukupa siku za kuwa mbali.

Nilipoanza kutafuta mitungi ya kazi hii, nilikwenda kwa Bi Mwanahamisi, mfinyanzi wa Ruponda. Nilimkuta hana mitungi, ana vyungu vya mboga. Nikaona udongo ni udongo. Nikachukua viwili, nikafunga okidi, nikajaza maji. Siku ya kwanza vikavu. Siku ya tano vikavu. Nikavirudisha kwa hasira, kwa hasira ya mtu mwenye aibu, maana yake niliviweka chini mbele yake na kukaa kimya.

"Vina nini?" akauliza.

"Havitoki jasho."

Alicheka hadi wajukuu wakatoka ndani. "We binti, chungu cha mboga kikitoka jasho mchuzi si utaishia motoni? Hivyo nimevichemshia uji mzito nikavipaka ndani nje. Nimeviziba makusudi! Njoo Alhamisi nikupe mtungi ambao haujaonja uji."

Kwa hiyo mkinunua, muulizeni mfinyanzi. Kama mtauliza kwa shida kama mimi, mwageni tone la maji kwenye udongo. Likinyweka upesi, ndio wenyewe.

Sasa maganda ya korosho. Nimezunguka vya kutosha, na nadhani mmeshajua kwamba ninazunguka kwa sababu sipendi kufika.

Ilikuwa mwaka wangu wa tatu kazini, kabla sijajua mtungi. Makumbi ya nazi yaliadimika, yanatoka pwani, na mwaka ule hayakuja. Mkaa peke yake ulikuwa unakauka haraka. Msimu unakaribia, wateja wanauliza vyombo. Karibu na stendi kuna wanawake wanaochoma korosho na kuzibangua, na nyuma yao kuna lundo la maganda. Nikasimama kuyaangalia. Mepesi. Yanapitisha hewa. Hayaozi. Ya bure. Nikabeba magunia mawili kabla mtu mwingine hajagundua hazina ile. Nikayaosha mara mbili kwa maji nikaridhika.

Niliyatia kwenye vyombo vya nyumba tatu. Mbili zilikuwa Ruangwa. Ya tatu ilikuwa ya Bi Somoe, hapahapa Nachingwea.

Bi Somoe alikuwa mpishi wa shule kwa miaka mingi, mama mtu mzima, sauti yake inafika mtaa wa pili. Ua lake lilikuwa kubwa kuliko yote niliyowahi kutunza. Mume wake, marehemu, alilitoa kwenye tawi la mtondoo walipofungua shamba lao la kwanza kule Mtua, Bi Somoe akiwa na mimba ya kwanza. Tangu hapo amehama nyumba tatu, na kila anapohama ua linabebwa kabla ya kitanda. "Nina watoto saba," hupenda kusema, "huyu wa nane ndiye asiyeniomba nauli." Kwa mtu kama mimi, aliyemaliza darasa la saba na asiyeweza kuuza hata maandazi kwa sababu hawezi kuita wateja, kupewa ua lile nilitunze ilikuwa ni kama kupewa cheti. Watu walinifungulia milango kwa sababu Bi Somoe alinifungulia wake.

Siku anahamia shambani, alisimama mlangoni na mzigo kichwani akaniuliza, "Litanisubiri?"

"Litakusubiri, bibi."

Akafunga kufuli, akaweka ufunguo kifuani, akaenda Mtua. Mimi nikaenda Lionja, kwenye shamba la mama.

Siku kama kumi baadaye, tulikuwa tumekaa chini ya kibanda tunabangua korosho chache za kula. Mama alikuwa amezichoma kwenye bati. Mimi nilikuwa na haraka zangu, nikagonga ganda kwa jiwe, mafuta yakaruka yakanipata kwenye mkono, hapa juu ya kifundo.

"Pakaa majivu!" mama akasema. "Kila siku nakwambia upakae majivu kwanza. Mtu mzima huyu anaunguzwa na korosho kama mgeni."

Ngozi ilikuwa inageuka nyeusi. Kila mtoto wa huku anajua mafuta ya ganda la korosho yanaunguza. Tunajua kabla ya kujua kusoma. Nilikaa nikiangalia ule mkono, na ghafla nikaona mizizi. Mizizi myeupe ya Bi Somoe imelala juu ya maganda mia moja, na utambi unanyonya maji chini na kuyapandisha, yanashuka na mafuta, yanapandishwa tena. Kama ningekuwa namwagilia kwa mkono, angalau yangepita na kwenda zake. Chombo kinachojinywesha hakitupi kitu. Ulichokosea kinaurudishia mmea kila siku, bila kuchoka. Wadogo zangu, hilo likumbukeni kuliko yote niliyoandika hapa.

Nikasimama.

"Unakwenda wapi?" mama akauliza.

"Mjini."

"Mjini kuna nini? Korosho zimejaa chini."

"Mizizi inaungua."

"Mizizi ya nani?"

"Ya Bi Somoe."

Mama alinitazama kama mtu anayepima homa kwa macho. Nikamweleza, vibaya, nikianzia katikati. Alipoelewa hakucheka. Alichukua majivu akanipaka mkononi akasema, "Nenda. Ijumaa uwe umerudi, mimi siokoti peke yangu."

Kutoka shambani kwetu hadi barabarani ni mwendo. Nilikuwa nakimbia kidogo, natembea kidogo, mkokoteni wa ng'ombe ukanifikia kwa nyuma. Alikuwa Masanja, kijana wa wale wafugaji waliokuja kutoka kanda ya ziwa na kuweka maboma yao ng'ambo ya bonde. Mama asingependa kuniona naye, maana mwaka ule ng'ombe wao walikuwa wameingia kwenye muhogo wetu.

"Dada, panda," akasema. "Hawa hawana haraka, lakini hawaishiwi mafuta njiani."

Nikapanda. Akaniuliza kama nina mgonjwa. Nikasema ndiyo. Akauliza ni nani. Nikasema ni ua. Akajikohoza, nikajua anajizuia kucheka.

"Limekula nini?" akauliza mwishowe.

"Sumu. Nimelilisha mwenyewe."

"Sisi ng'ombe akila majani mabaya, kwanza tunamtoa kwenye yale majani. Watu wengi wanakimbilia dawa, ng'ombe bado anatafuna." Akachapa fimbo hewani. "Na mwenye ng'ombe umemwambia?"

Nilikuwa sijamwambia. Nikikumbuka sasa, nadhani mpango wangu ulikuwa niingie kimya, nibadilishe chombo, nitoke kimya. Nilikuwa nimesahau kufuli.

Barabarani nilidandia gari la mjini, na nilipofika nyumbani kwa Bi Somoe nilichungulia kwenye nondo za dirisha. Ua lilikuwa palepale kwenye meza ndogo. Majani ya chini yalikuwa ya njano, na kwenye maji ya chupa kulikuwa na utando unaong'aa kama maji ya gereji. Niliingiza mkono kati ya nondo hadi bega likagoma. Ncha za vidole zilifika karibu na jani, hazikuligusa. Nilijaribu tena kwa fimbo ya ufagio wa jirani. Nikaacha, kwa sababu ningelidondosha. Nikatafuta pikipiki ya kwenda Mtua.

Njia nzima nilikuwa najifunza sentensi moja. Bibi, nimefanya kosa, naomba ufunguo. Bibi, nimefanya kosa, naomba ufunguo. Nilipofika nikamkuta kwenye kibanda na wakwe zake wawili na majirani, wamekaa duara wanatenganisha korosho na mabibo, wote wakanigeukia. Sentensi ikapotea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Zai? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Naomba ufunguo."

"Ufunguo wa nini? Nilikuachia ua, sikukuachia nyumba."

"Ua litakufa."

"Limekosa maji? Si ulisema linajinywesha lenyewe?"

"Maji linayo. Nimeliwekea maganda ya korosho."

Mkwe mmoja akasema taratibu, "Maganda? Na mafuta yake?" Mwenzake akaangua kicheko, na duara zima likacheka. Mimi nilikuwa natafuta shimo la kuingia. Bi Somoe peke yake hakucheka. Aliangalia vidole vyake mwenyewe, vyeusi kwa korosho, kisha mkono wangu wenye majivu.

"Wewe mtoto wa Lionja," akasema. "Umezaliwa kwenye korosho."

"Ndiyo, bibi."

"Umetambaa kwenye korosho."

"Ndiyo, bibi."

"Twende."

Hakunipa ufunguo. Alikuja nao mwenyewe, tukapanda pikipiki moja, yeye katikati, na njia nzima alimwambia dereva tu aongeze mwendo. Ningefurahi angenitukana.

Ndani nililitoa ua kwenye chombo. Mizizi ya chini ilikuwa myeusi na laini, ukiivuta ngozi inatoka na kubaki uzi. Nikaiosha kwa maji ya mvua na sabuni kidogo ya kipande, mara tatu, hadi utelezi ukaisha. Nikapitisha wembe kwenye moto. Bi Somoe alishika fimbo za ua kwa mikono miwili, kama mtu anayemshika mtoto wakati wa kunyolewa.

"Kata," akasema.

Nikakata. Nikakata tena. Fimbo tano za nyuma zilikuwa zimeoza hadi shinani, nazo zikatoka. Zikabaki tatu, na mizizi mizima minne. Nikapaka unga wa mkaa kwenye vidonda.

"Sasa unaliweka wapi?" akauliza.

Makumbi hakuna. Mkaa uliokuwepo ulishanyonya mafuta. Nilizunguka chumba kile mara nne au tano, nafungua kabati la vyombo lisilonihusu, nafunga, natoka uani, narudi. Bi Somoe alikuwa ameketi na ua mapajani, ananifuata kwa macho.

"Kaa chini, unanizungusha kichwa," akasema. "Kule kwenye mti lilikuwa limekaa kwenye nini?"

"Kwenye gome."

"Gome lina maji?"

"Lina ubaridi. Unyevu kidogo."

Akageuza uso kwenye kona. Pale palikuwa na mtungi wake wa maji ya kunywa, juu ya kigoda, mkubwa, umekauka kwa sababu nyumba haikuwa na mtu. "Ule ukiwa na maji unatoka jasho mwaka mzima," akasema. "Kila siku napangusa sakafu."

"Ni wa kunywea, bibi."

"Nitakunywa ya ndoo."

Tukaujaza. Tukasubiri. Ulipoanza kulowa kwa nje nikaliegemeza ua ubavuni, nikalifunga kwa vipande vya kanga, sikukaza sana. Halafu swali likawa nani atakaa nalo. Msimu ulikuwa katikati. Bi Somoe akalijibu kabla sijauliza. Tulitafuta bajaji, tukauzungushia mtungi gunia na godoro, na ua likaenda Mtua, shambani, pamoja na watu. Alishuka nalo mbele ya wakwe waliocheka, akauweka mtungi kibandani upande wa kivuli.

Nilipopanda pikipiki kurudi, aliniambia maneno machache tu: "Uje uone ulichokifanya."

Za Ruangwa sikuziwahi. Nilifika keshokutwa yake, baada ya kuwatafuta wenye maua mashambani kwao ili wanifungulie; moja ilikuwa imekufa kabisa, nyingine ilikufa mkononi. Wote wawili niliwaambia ukweli. Mmoja alisema haidhuru na hakuniita tena. Mwingine hakusema haidhuru.

Kila Ijumaa ya msimu ule nilikwenda Mtua. Nilikuwa naangalia, nafungua kitambaa, nafunga, nasogeza mtungi, naurudisha. Majani mawili zaidi yakaanguka. Nikajiambia limekufa ila halijajua. Mama alisema nimekonda. Ijumaa ya nne au ya tano, sikumbuki vizuri, nilipofika nilimkuta Bi Somoe amekaa kando ya mtungi na wanawake kama sita, majirani wa mashamba ya karibu, wengine siwajui. Nikasalimia, nikapiga magoti, nikanyoosha mkono kwenye kitambaa.

"Usiguse!" Sauti ile ya jikoni la shule. Mkono ukarudi wenyewe. "Angalia kwa macho."

Nikaangalia. Chini ya fimbo ya katikati kulikuwa na kitu cheupe chenye ncha ya kijani, kirefu kama punje ya mchele. Kilikuwa kimegusa udongo wa mtungi na kulala juu yake.

Mwanamke mmoja akauliza, "Hivi fundi wake ni nani? Na mimi ninalo nyumbani, sijui kama litafika mwisho wa msimu."

Nikaanza kuinuka taratibu. Nilitaka kutoka kabla Bi Somoe hajajibu, maana nilijua akisema yaliyotokea, kwangu kazi imeishia pale. Alinishika sketi.

"Fundi ndiye huyu," akasema. "Alililisha maganda ya korosho." Wakacheka wote. Akawaacha wacheke hadi wakamaliza. "Kisha akatoka Lionja akaja hapa kuniambia mwenyewe, mbele ya watu, na mnamjua huyu hata salamu inamshinda. Ua lenu likiharibika mikononi mwake, mtalijua siku hiyohiyo. Mafundi wangapi wa hapa mnaweza kusema hivyo?"

Yule mwanamke akanisogelea na kuniuliza la kwake liko kwenye ndoo ya plastiki, je, atoboe chini? Mwingine akauliza kuhusu kivuli. Wa tatu akaanza kabla wa pili hajamaliza. Watu sita, saba, wananitazama. Nikaketi hapo chini karibu na mtungi, nikaanza kumjibu mmoja mmoja.